Je, wajua kwa nini Waingereza huuita moshi wa mafuta yaliyoungua “acrid”?

Mafuta yakisahauliwa jikoni mpaka yakaungua, moshi wake huwasha pua, hutoa machozi na kukereketa koo. Kiingereza kina neno la ukali wa namna hiyo: acrid. Ndimu haiitwi hivyo, hata iwe chachu. Ni neno la kinachochoma, kama mpira unaoteketea au baruti iliyolipuka, na pia la maneno yanayotoka kinywani kwa nia ya kuumiza.

Asili yake ni Kilatini. Warumi walikuwa na neno acer, yaani kali, na walilitumia kwa upana ambao Mswahili hatauona mgeni. Ladha iliitwa acer, askari hodari aliitwa acer, hata akili inayokata mambo upesi iliitwa hivyo. Nasi tuna kisu kikali, pilipili kali, mbwa mkali, jua kali na mwalimu mkali. Hatukuiga kwao, wala wao hawakuiga kwetu. Kila upande ulitazama wembe, ukakumbuka ulimi.

Nyuma ya acer upo mzizi ak-, wa lugha ya kale iliyozaa Kilatini, Kigiriki na Kiingereza, wenye maana ya ncha au makali. Humo Warumi walipata acus, sindano, acies, makali ya upanga na pia safu ya askari vitani, acetum, siki, na acidus, chachu. Hili la mwisho ndilo lililopita kwenye Kiingereza likatufikia sisi kama asidi. Wagiriki kwa upande wao walisema akros, kilele, na ndipo ilipotoka Acropolis, mji wa juu wa Athens.

Ninalolipenda zaidi katika ukoo huu ni eager. Wafaransa waligeuza acer kuwa aigre. Divai iliyochacha wakaiita vin aigre, ndiyo vinegar ya Waingereza, siki. Aigre lenyewe likawa eager, ambalo leo ni mtu mwenye shauku. Lakini katika Hamlet ya Shakespeare, mzimu wa mfalme unaeleza jinsi sumu ilivyoigandisha damu yake kama matone ya kitu “eager” yanavyogandisha maziwa. Hapo shauku haimo kabisa. Ni uchachu mtupu.

Turudi kwenye yale mafuta. Yakipata moto kupita kiasi hutoa kemikali iitwayo akrolini, jina lililoungwa kwa acer na oleum, mafuta. Ukali wake hausikiki kwa vionjio vya ulimi. Huamsha neva za maumivu za usoni, za mshipa wa fahamu uleule unaopeleka habari ubongoni shavu likichomwa sindano.