Mtambaazi wa mitini si kila ajuaye kupanda

Mtambaazi wa mitini ni yule ambaye huwinda, hunywa, huota jua na kulala juu ya matawi, na ambaye umbo lake limejengeka kwa maisha hayo. Maana yenyewe si ngumu. Kinachosumbua ni kuwa siku hizi sifa hii hupewa mnyama yeyote aliyewahi kuonekana juu ya kijiti, na kwa kosa hilo wafugaji wa nyoka na mijusi hununua kizimba chenye kimo kikubwa na sakafu finyu, wakamtia ndani yake mnyama ambaye alichohitaji ni sakafu.

Lugha ilikwisha kututenganishia mambo haya mawili. Mpandaji hutokana na kitenzi kupanda, kwa hiyo jina hilo linaeleza tendo tu. Mkwezi naye ni mkwezi, lakini jioni hushuka akaenda kulala kwake. Katika neno mitini, kiambishi -ni ni cha mahali, kama katika baharini: tusemapo samaki wa baharini hatumaanishi samaki anayeweza kufika baharini, bali yule ambaye makazi yake ni huko. Hata jina la kinyonga katika lugha nyingi za Ulaya lina kichekesho chake, kwa kuwa limetokana na maneno mawili ya Kigiriki, khamai, yaani ardhini, na leon, yaani simba. Huyo simba wa ardhini ana vidole vilivyogawanyika mafungu mawili yanayobana tawi kama koleo, ana mkia unaoshika, na hunywa matone yaliyotuama juu ya majani. Ni vigumu kumpata mnyama aliyeumbwa kwa ajili ya matawi kuliko yeye.

Neno -refu nalo lina lawama yake. Barabara ndefu imelala, mti mrefu umesimama, na kisima kirefu kimezama. Kwa hiyo anayeagiza kizimba kirefu bila kutaja kimo asishangae akiletewa sanduku lililolala.

Kimo peke yake, hata hivyo, hakitoshi. Chatu wa kijani wa Guinea Mpya, Morelia viridis, hupumzika kwa kuning'iniza mikunjo ya mwili wake juu ya tawi lililolala, kichwa kikiwa katikati, na boa wa kijani wa Amerika Kusini, Corallus caninus, hufanya vivyo hivyo ingawa yeye huzaa na mwenzake hutaga mayai. Nyoka hao ukiwapa mnara wenye vijiti vilivyosimama wima tu, hujawapa kitu. Mjusi wa Kaledonia Mpya, Correlophus ciliatus, aliyedhaniwa kuwa ametoweka duniani hadi alipoonekana tena mwaka 1994, ana nyayo za kunata, na hata ncha ya mkia wake hunata. Yeye hukaa vizuri kwenye gome lililosimama, na katika kizimba cha kimo cha wastani ndiye ningemtaja kwanza.

Kwa upande mwingine yuko mjusi mwenye madoa ya chui, Eublepharis macularius, ambaye vidole vyake vina kucha lakini havinati. Hupanda jiwe, na hapo ndipo mwenye kizimba humwita wa mitini. Ndani ya kizimba kilichosimama, joto hujikusanya juu na ubaridi hubaki chini, hivyo mjusi huyu hulazimika kupanda kila atakapo kupata joto, na akiteleza huanguka kutoka mbali.

Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, ndiye huzua ubishi mwingi, kwa sababu kweli hupanda, na madume hasa hukutwa mitini huko porini. Lakini mwili wake ni mnene na mchana hujificha mashimoni. Kwake yeye, kinachohitaji sababu ni kupanda. Kwa kinyonga, kinachohitaji sababu ni kushuka, na kwa majike wa aina nyingi sababu hiyo ni kufukia mayai. Anayemfuga chatu huyo na amwekee tawi nene, wala asione haya kufurahi anapomwona amelipanda. Amwite mpandaji, jina hilo linamfaa, na kizimba chake kibaki na sakafu pana.