Choki na marisau makubwa: kabla hujaingia porini kaiulize karatasi

Swali tunaloulizwa kuliko yote kwenye mafunzo ya wawindaji ni hili: nikitaka kuwinda mnyama wa ukubwa wa swala kwa shotgani, ile bunduki inayorusha punje nyingi kwa mkupuo, nifunge choki gani? Na nusu ya wanaouliza wanakuja na jibu lao tayari, wameshanunua choki ya kubana kabisa, ile fulu, kwa sababu wameambiwa inapeleka risasi mbali. Leo nataka tuliongee hili kwa kirefu kidogo, maana nimeshafuata alama za damu za mnyama ambaye kapigwa punje mbili za tumboni badala ya tisa za kifuani, ukishafanya kazi hiyo mara moja huwezi tena kulichukulia jambo hili kirahisi.

Choki ni nini hasa? Ni pale mdomoni mwa mtutu ambapo tundu linabanwa kidogo, na nikisema kidogo namaanisha kidogo kweli, tunaongelea chini ya milimita moja. Mtutu wa geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa tundu la mtutu) una tundu la kama milimita 18.5. Choki ya silinda haibani kitu, impruvdi inabana robo milimita hivi, modifaidi nusu milimita, fulu inakaribia milimita moja. Kwa marisau madogo ya ndege hesabu yake inajulikana miaka mingi, unapiga karatasi umbali wa yadi 40 ambazo ni mita 36 na nusu, unachora duara la sentimita 76, unahesabu matundu: silinda inaingiza kama asilimia 40 ya punje zote, impruvdi 50, modifaidi 60, fulu 70. Mtu akiona namba hizo anasema basi yamekwisha, fulu ndo mwenyewe. Kwa ndege sawa, simbishii. Ila marisau makubwa, haya yanayoitwa bakshoti, hayaifuati hiyo hesabu na watu wengi wanakosea hapo.

Chukua kalamu tufanye pamoja. Bakshoti namba 00 ina punje za milimita 8.4, kila moja na uzito wa gramu 3 na nusu hivi. Katriji ya kawaida ya geji 12, ya urefu wa milimita 70, inabeba punje 9 zilizopangwa tatu tatu, ghorofa tatu. Sasa weka golori tatu za ukubwa huo mezani ziwe zinagusana alafu zizungushie duara, hilo duara litakuwa na upana wa milimita 18 na nukta kidogo. Mtutu wako ni 18.5, zinapita. Ukifunga impruvdi unabaki na 18.25, bado zinapita bila shida. Ukifunga modifaidi umebaki na 18 kamili, hapo zinasuguana. Ukifunga fulu umebaki na 17.6 au pungufu, hazienei tena, na kwakuwa nyuma yake kuna moshi wa baruti unasukuma kwa nguvu haziwezi kusubiriana, zinafika mlangoni zote kwa mkupuo, zinabonyezana, moja inatangulia nyingine inabanwa ubavuni. Risasi yenyewe, yaani ledi inayotengenezea punje, ni madini laini. Punje iliyobonyea haiendi moja kwa moja tena, hewa inaishika upande mmoja inaanza kukata kona, kwahiyo ile choki uliyoifunga ili ikusanye punje ndo hiyohiyo inazitawanya.

Na sio choki peke yake inayobonyeza. Baruti ikilipuka, punje za ghorofa ya chini zinakandamizwa na uzito wa zile za juu kabla hata hazijaanza safari. Ndo maana katriji nzuri zinakuwa na vitu vitatu ambavyo inafaa uviangalie kwenye boksi: risasi iliyoongezwa antimoni ili iwe ngumu, punje zilizopakwa shaba kwa juu, na unga wa plastiki uliojazwa katikati ya punje kama mchanga ili zisigongane. Ukiniuliza mimi hela yako iende wapi, kwenye choki ya bei au kwenye katriji yenye vitu hivyo, nakwambia katriji.

Kuna kitu kingine kilichobadilisha mambo sana miaka hii nacho ni kile kikombe cha plastiki kinachobeba punje ndani ya katriji. Vikombe vya zamani vinafunguka kwa mbele vikitoka mtutuni, ila kuna vipya, kwa mfano FliteControl ya Federal, vinashikilia punje pamoja muda mrefu zaidi kwa sababu breki zake, yaani mabawa yanayokipunguzia mwendo, ziko kwa nyuma. Katriji za namna hii zinapenda choki iliyo wazi, silinda au impruvdi, ukizifungia choki ya kubana unaharibu kazi ya kile kikombe, na choki zenye matundu pembeni usitumie nazo kabisa.

Je kuna mtutu unaopiga vizuri bakshoti kwa choki ya kubana? Upo, na kuna choki zinazotengenezwa makusudi kwa bakshoti ambazo zimenyolewa taratibu kwa ndani na zina sehemu ndefu iliyonyooka, zinafanya vizuri. Bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja wiki moja zinaweza kupendelea katriji tofauti, hilo nimeliona kwa macho yangu sio mara moja. Kwahiyo ushauri wangu wa kuanzia ni impruvdi au modifaidi, alafu karatasi ndo iamue.

Sasa saizi. Namba 000 ni milimita 9.1, 00 ni 8.4, namba 1 ni 7.6, namba 4 ni 6.1. Wengi wanakimbilia 00 kwa mazoea tu. Mimi kwa mnyama wa wastani naipenda sana namba 1 na najua sio wote tunaokubaliana, lakini angalia, katriji ileile ya milimita 70 inabeba punje 16 za namba 1 badala ya 9 za 00, kila punje ina gramu 2.6 ambazo bado zinaingia vizuri hadi kwenye mapafu kwa umbali wa karibu, na unapata nafasi nyingi zaidi za kugusa pale panapotakiwa. Tatizo lake ni kwamba haipatikani kirahisi. Namba 4 ina punje 27 lakini kila moja ni gramu 1.3 tu, hiyo waachie wanyama wadogo kama mbweha, usimpigie mnyama mkubwa ukategemea wingi wa punje utafidia, haufidii. Na zile katriji ndefu za magnamu zenye punje 15 za 00, watu wanazipenda kwa sababu zinaonekana nzito mkononi, ila ghorofa zikiongezeka na kukandamizana kunaongezeka, bega linaumia, mtu anaanza kufumba macho anapovuta kifyatulio. Sijasema ni mbaya, nasema zipime kwanza.

Kupima kunafanywaje? Chukua karatasi kubwa, upana wa mita moja hivi, chora katikati duara la sentimita 20 mpaka 25. Hilo ndo eneo la moyo na mapafu ya mnyama wa ukubwa wa swala, na ndo duara lako, achana na lile la sentimita 76, lile ni la ndege. Pima umbali kwa futi ya kamba, usikadirie kwa macho, anza mita 15, piga ukiwa umeegemea kitu imara, badilisha karatasi kila risasi. Piga angalau tano kwa kila choki na kila aina ya katriji, maana risasi moja inaweza ikakudanganya. Kisha sogea mita 20, 25, 30. Angalia vitu viwili, punje ngapi zimeingia ndani ya duara, na je kundi lote liko pale ulipolenga au limeenda juu kushoto, shotgani nyingi hazipigi pale mwenye nayo anapodhani zinapiga. Zile punje zilizotoka nje ya duara zihesabu pia kwa makini, kwa sababu porini kila moja ya hizo ni jeraha la tumbo au la mguu.

Umbali ambao punje zote au karibu zote bado ziko ndani ya duara, risasi zote tano, huo ndo mwisho wako. Inaweza kuwa mita 20. Inaweza kuwa 30. Kwa mtutu wa silinda na katriji za kawaida kuna makadirio ya zamani kwamba kundi linapanuka inchi moja kwa kila yadi, yaani ukifika yadi 25 limeshakuwa na upana wa sentimita 60 na zaidi, mnyama mwenyewe kifua chake hakifiki hapo. Kwa katriji nzuri na choki inayoelewana nayo wapo wanaofika mita 35, zaidi ya hapo mimi sikubali, hata kama jirani yako anasema aliwahi kuua kwa mita 60. Andika umbali wako na aina ya katriji kwenye kipande cha utepe ubandike kwenye kitako cha bunduki, ukibadilisha katriji pima upya.

Halafu kuna hili ambalo watu hawalifikirii: punje iliyokosa haiishii pale mnyama aliposimama. Kwa kanuni ya zamani inayoitwa ya Journée unapata kama mita 80 kwa kila milimita ya kipenyo, kwahiyo punje ya 00 inaweza kwenda zaidi ya mita 600 ikipigwa kwa juu. Faida yake inaishia mita 30, hatari yake inaenda mara ishirini. Usipige kama nyuma ya mnyama huoni udongo wa kuzipokea, na kama mnawinda kundi kila mtu ajue mwenzake yuko wapi.

Kuhusu sheria nitasema kifupi, soma ya mahali unapowinda kabla hujanunua chochote. Ujerumani ni marufuku kupiga mnyama yeyote mwenye kwato kwa marisau, Uingereza nako shotgani kwa kulungu imezuiwa isipokuwa kwa mazingira machache, wakati baadhi ya majimbo ya kusini mwa Marekani wanaruhusu bakshoti kwenye vichaka vizito ambako mnyama anaonekana karibu na kwa sekunde chache. Tofauti hizo zina sababu, bakshoti ni ya karibu na penye kichaka, penye uwazi chukua raifo.

Ya mwisho ni choki yenyewe unavyoifunga. Toa katriji zote kwanza, hakikisha kwa macho na kwa kidole, ndipo uguse mdomo wa mtutu. Ikaze mpaka mwisho, maana ikilegea risasi inaweza kuikamata ukingoni ikaipasua pamoja na mtutu, na usipige kamwe bila choki kwenye mtutu wenye nyuzi. Marisau ya chuma hayabonyei kama risasi, kwahiyo chuma kikubwa kwenye choki ya kubana au kwenye mtutu wa kizamani usithubutu, soma maandishi ya choki, mara nyingi wameandika kama inaruhusu chuma au hairuhusu. Na usichanganye katriji za geji 20 na za 12 kwenye mfuko mmoja, ya 20 ni nyembamba zaidi, inateleza inaingia ndani ya mtutu wa 12 inakwama mbele, wewe unadhani bunduki ni tupu unaweka nyingine nyuma yake. Katriji za geji 20 zinatengenezwa rangi ya njano kwa sababu hiyo, lakini asubuhi gizani rangi haionekani, kwahiyo mfuko uwe wa geji moja tu.