Waangli kabla ya Uingereza: tusianzie mwaka 449

Jina la Waangli, kabila la kale lililohamia Uingereza, limo ndani ya neno Mwingereza, ila kwao asilia ni Angeln, kaskazini mwa Ujerumani, kati ya hori ya Flensburg na ile ya Schlei.

Wengi humfuata Bede, mtawa na mwanahistoria wa Uingereza, na mwaka wake wa 449, anaouhusisha na kufika kwao Uingereza. Nawasihi msianzie hapo: Bede alimaliza kitabu chake mwaka 731, karibu miaka 300 baadaye. Tacitus, mwandishi wa Kirumi, aliwataja mapema zaidi, mwaka 98, katika orodha ya makabila saba yaliyomwabudu mungu wa kike Nerthus. Jina tu, bila mipaka. Ptolemaio, mwanajiografia wa karne ya 2, anawaweka bara, upande wa mto Elbe. Ukichora ramani kwa kumtegemea yeye peke yake, utawahamisha mbali na pwani yao.

Udongo unasema mengi kuliko maandishi. Chukua bizimu la shaba nyeusi lenye umbo la msalaba, ambalo wanawake walifungia gauni mabegani. Kichwani lina vifundo vitatu, na mguu wake huishia kwa sura ya farasi. Angalia vifundo kwanza: vikiwa vimesubiwa peke yake kisha vikachomekwa, bizimu ni la awali, vikiwa kipande kimoja na kichwa, ni la baadaye. Lakini bizimu halitoshi kumtambua Mwangli. Mabizimu hayo yalivaliwa Norway pia, na pambo huazimwa, huuzwa, hurithiwa.

Kwa hiyo tazama na maziko. Spong Hill, Norfolk, mashariki mwa Uingereza, kulifukuliwa zaidi ya vyungu 2,000 vya majivu ya maiti, na umbo na nakshi zake zinafanana sana na za Schleswig-Holstein, jimbo la Ujerumani lenye Angeln. Tatizo ni kwamba moto huharibu DNA. Utafiti wa mwaka 2022 ulitegemea mifupa ya waliozikwa bila kuchomwa, nao ulionyesha kuwa mashariki na kusini mwa Uingereza hadi asilimia 76 ya nasaba ilitoka ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini. Walihama watu, si mitindo tu.

Vyombo vyao? Mashua ya Nydam, ya mwaka 320 hivi, iliyotolewa katika kinamasi cha Nydam, Denmark, mwaka 1863, ina urefu wa mita 23: mbao za mwaloni zilizopandana, misumari ya chuma, mataruma yaliyofungwa kwa kamba. Haina mlingoti. Ni makasia matupu.

Huko Angeln kwenyewe, chavua iliyonaswa kwenye matope inaonyesha nafaka zikipungua na msitu ukirudi mashambani, dalili kwamba wakulima waliondoka.