Muvi ya kalti ni nini hasa? Tuielewe kupitia Donnie Darko

Watu wengi wakisikia muvi ya kalti wanadhani ni muvi yoyote ya ajabu ajabu, au ya mambo ya dini za siri na uchawi. Hapana. Muvi ya kalti ni ile ambayo ilipotoka haikuwakuna watu wengi, mara nyingi hata hela haikurudisha, lakini wale wachache walioipenda waliipenda mno, wanairudia mpaka wanaijua kwa kichwa, wanabishania kila kipande, wakimkuta mtu hajaiona wanamkalisha chini aione. Ndo maana dairekta hawezi kuamka asubuhi akasema leo natengeneza kalti, yeye anatengeneza muvi yake tu, hayo mengine wanayafanya watazamaji, tena baada ya muda.

Mfano mzuri kuliko yote kwangu ni Donnie Darko. Iliandikwa na kuongozwa na Richard Kelly, kijana wa miaka ishirini na kitu tu, kwa bajeti ya dola milioni 4.5, steringi ni Jake Gyllenhaal kabla hajawa staa mkubwa. Stori iko Marekani, Virginia, Oktoba 1988. Usiku mmoja Donnie anaitwa na sauti, anatoka nje akiwa usingizini, anakutana na mtu aliyevaa vazi la sungura lenye sura ya kutisha, anaitwa Frank, na huyo Frank anamwambia dunia itaisha baada ya siku 28, masaa 6, dakika 42 na sekunde 12. Donnie anazinduka asubuhi kwenye uwanja wa gofu, anarudi kwao anakuta injini ya ndege imedondoka usiku juu ya chumba chake, yani angekuwa kitandani habari yake ilikuwa imeisha, na mamlaka ya anga haielewi injini imetoka wapi maana hakuna ndege iliyopoteza injini. Hapo ndo kwanza muvi imeanza.

Sasa vuta picha, muvi kama hiyo inaingia kwenye kumbi za Marekani tarehe 26 Oktoba 2001, wiki sita tu baada ya yale mashambulizi ya ndege ya Septemba 11. Watu bado wana msiba wa ndege, halafu unawaambia waje kuangalia injini ya ndege inaangukia nyumba ya watu! Iliingia kwenye kumbi 58 tu, mauzo yakawa dola laki 5 na kidogo, kwa kifupi ilibuma.

Kilichoiokoa ni dividii iliyotoka Machi 2002. Ukumbini muvi inapita mara moja, usipoelewa ndo imetoka hiyo, ila nyumbani unarudisha nyuma, unasimamisha, unamwita mdogo wako unamwambia hebu angalia hapa. Na Donnie Darko inamlipa sana mtu anayerudia. Kuna sehemu Donnie yuko sinema na demu wake Gretchen kalala pembeni, Frank anatokea amekaa karibu yao, Donnie anamuuliza kwa nini umevaa hilo vazi la sungura la kijinga, baadae Frank anavua ile sura na jicho lake moja limeharibika lote, linavuja damu. Mara ya kwanza unaona ni kitisho tu. Halafu karibu na mwisho (kama hujaiona ruka hii aya) Frank mwenyewe, binadamu wa kawaida kabisa, anamgonga Gretchen na gari, Donnie anampiga risasi ya jicho. Kumbe yule tuliyekuwa tunamuona muvi nzima ni marehemu ambaye alikuwa bado hajafa! Ukishajua hilo huwezi kuacha kurudi kuangalia upya kila neno alilokuwa anamwambia Donnie, na injini nayo, na ndege aliyopanda mama yake Donnie na mdogo wake, vyote vinaanza kushikana taratibu.

Zamani, kabla video hazijaingia majumbani, kalti zilizaliwa kwenye maonyesho ya saa sita usiku, hasa New York kuanzia mwaka 1970, watu walewale wanarudi ukumbi uleule kila wiki. Tatizo ni kwamba ilibidi uishi mjini. Kaseti za VHS zilipoingia Marekani 1977 mambo yakabadilika, hata mtu wa kijiji cha mwisho huko akawa anaweza kuwa na muvi yake kabatini. Waliokulia kwenye vibanda vya video Dar wanalijua vizuri hili penzi, kaseti ya Lufufu, yule aliyekuwa anatafsiri muvi kwa Kiswahili, iliangaliwa mpaka mkanda unachoka na watoto mtaani wanarudia maneno yake yote. Donnie Darko ilipata bahati ya njia zote mbili, dividii nyumbani na maonyesho ya usiku wa manane kwenye ukumbi wa Pioneer pale New York yaliyodumu zaidi ya miaka miwili. Uingereza nako iliwakolea, mpaka Krismasi ya 2003 wimbo wake wa mwisho, Mad World wa Gary Jules na Michael Andrews, ulikuwa namba moja kwenye chati zao.

Mafanikio hayo yakafanya 2004 itoke toleo la dairekta, limeongezwa kama dakika 20, na kurasa za kile kitabu cha safari za kwenye muda ambacho Donnie anakisoma zinaletwa kwenye skrini kabisa zikufafanulie kinachoendelea. Kwa maoni yangu hapo walikosea. Mashabiki walikuwa wameishi miaka miwili mitatu na maswali, kila mtu na nadharia yake, na huo ubishi ndo uliokuwa unaibeba muvi mtu kwa mtu bila tangazo lolote, sasa ukishawekewa majibu mezani utabishana na nani.

Kwa hiyo kama hujaiona tafuta kwanza ile ya 2001, angalia usiku, simu weka mbali, na ikiisha usikimbilie kusoma maelezo ya watu, irudie kwanza mwenyewe. Ya 2004 iache mpaka uwe na majibu yako ya kubishana nayo.