Je, wajua kwa nini mtoto hukohoa zaidi usiku, na kwa nini kimeo hakihusiki?

Mtoto aliyecheza mchana kutwa huku akikohoa mara mojamoja tu anaweza, mara anapolazwa, kukohoa mfululizo hadi atapike. Kwa kiasi kikubwa hali hii huletwa na mlalo wenyewe. Anapokuwa wima, makamasi humtoka puani au huyameza bila kuhisi. Akilala, hutiririka nyuma ya pua hadi kooni na kukusanyika karibu na mlango wa njia ya hewa, penye neva zinazoamsha kikohozi.

Mwili nao una saa yake. Kotisoli, homoni inayosaidia kutuliza uvimbe, hushuka hadi kiwango cha chini kabisa karibu na usiku wa manane, na kuelekea alfajiri mirija ya hewa hujibana kidogo. Mtoto mwenye afya hadhuriki, lakini mwenye pumu hubanwa kifua. Ndiyo maana kikohozi kinachorudi kila usiku, hasa kuelekea alfajiri, au kinachoambatana na sauti ya filimbi anapotoa pumzi, kinapaswa kuchunguzwa hata kama mchana mtoto huonekana mzima. Moshi wa mkaa, wa sigara au wa dawa ya mbu ya kuchoma, pamoja na vumbi la godoro, huzidisha hali hiyo.

Katika sehemu nyingi za Tanzania, lawama huangukia kimeo. Mzazi humulika kinywani kwa tochi, huona kile kinyama kinachoning'inia, huamini kwamba ndicho kinachomtekenya mtoto, kisha humpeleka kwa mkataji. Imani hii inaumiza watoto. Kimeo ni sehemu ya kaakaa laini, ambalo huzuia chakula na maji yasipande puani wakati wa kumeza, ilhali chanzo cha kikohozi kwa kawaida kimo kwingine, puani au kifuani. Kukikata kunaweza kuleta kutokwa damu nyingi, maambukizi na hata pepopunda. Kikohozi kikikoma baadaye, mkataji husifiwa, ingawa kikohozi cha mafua kwa kawaida huisha chenyewe ndani ya wiki mbili au tatu.

Kinachosaidia kweli ni kumsafisha pua kwa matone ya maji ya chumvi kabla ya kulala, kumnywesha vya kutosha, na kumpa asali. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, watoto 300 wa Israeli wenye umri wa miaka 1 hadi 5 walihusishwa, na waliopewa gramu 10 za asali nusu saa kabla ya kulala walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa rojo la tende. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kamwe, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ambao sumu yao hupoozesha misuli, ikiwemo ya kupumua.

Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi asiyetimiza mwaka, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, huashiria nimonia. Apelekwe hospitali usiku huohuo, sawa na yule ambaye kifua chake hubonyea ndani anapovuta pumzi, anayeshindwa kunyonya, au ambaye midomo yake imegeuka rangi ya bluu. Kikohozi kilichofikisha wiki mbili kichunguzwe pia kwa kifua kikuu, hasa mtoto anapopungua uzito au anapoishi na mtu mwenye ugonjwa huo.