Springi ngumu haitakuvusha barabara ya Baricho

Kila mvua zikikatika na njia za Baricho, Langobaya na Dakacha zikabaki mashimo matupu, gereji yangu hapa Malindi hujaa pikipiki zinazotaka shokamzoba mpya za nyuma. Hilo ni jambo jema. Shokamzoba za kiwandani kwenye pikipiki nyingi za bodaboda ni za bei ya chini, na anayeshusha mkaa au nazi kutoka bara ana haki ya kutafuta zilizo bora. Linalonichosha ni kwamba karibu kila anayekuja ameshajiandikia dawa kabla sijamuuliza anabeba nini. Ameambiwa stejini, ameamini, na pesa ameshazihesabu. Watu wanaumia migongo na wengine wanaanguka kwa maneno hayo ya stejini, kwa hivyo leo nayajibu moja baada ya jingine.

"Fundi, nitilie ngumu, barabara ni mbaya"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Kazi ya shokamzoba si kuizuia pikipiki isibonyee. Kazi yake ni kuliacha gurudumu lipande juu ya jiwe na kushuka ndani ya shimo, huku fremu na wewe mkibaki pale pale, na tairi lisiachane na ardhi. Tairi lililo hewani halina breki, halivuti, wala halishiki kona. Springi ikiwa ngumu kupita uzito ulio juu yake, gurudumu likikutana na jiwe halipandi peke yake, linainua pikipiki nzima pamoja nalo. Mgongo wako ndio unaogeuka springi.

Chukua ile sehemu ya barabara yenye mawimbi madogo madogo, ambayo kila dereva wa huku anaijua kwa mtetemo wa mikono. Mawimbi yakiachana nusu mita nawe uko kilomita 40 kwa saa, gurudumu linakutana na mawimbi 22 kila sekunde. Springi ngumu haina nafasi ya kuyafuata hayo yote. Tairi linaruka kutoka kilele hadi kilele, na nyuma ya pikipiki inaanza kuteleza upande hata kwenye njia iliyonyooka. Dereva anasema barabara inateleza, kumbe tairi lake haliigusi barabara nusu ya wakati.

Na ugumu huwa hauongezeki kidogo kama watu wanavyodhani. Waya wa springi ukitoka milimita 7 kwenda 8, na vipimo vingine visibadilike, springi inakuwa ngumu zaidi kwa takriban asilimia 70, kwa sababu unene wa waya unaingia kwenye hesabu kwa kipeo cha nne. Kwa macho huioni tofauti hiyo ukiwa umezishika dukani. Kwa hivyo ukimwambia muuza spea "nipe iliyo nene", umenunua kitu ambacho hukijui.

Aliniletea kijana mmoja pikipiki ya kubebea maji, mitungi sita ya lita 20. Hizo ni kilo 120 akienda na karibu sifuri akirudi. Alikuwa ametiwa springi nene kupita kiasi, na keria ilikuwa imepasuka kwenye mashono yake ya welding mara kwa mara. Alitaka ngumu zaidi tena, akiamini keria inavunjika kwa sababu shokamzoba zinagota. Nikazifungua. Raba ya kugotea ilikuwa nzima, haina hata mchubuko, na ncha ya ufito iliyo mbali na sili, ile raba inayozuia oili isitoke, ilikuwa na vumbi la zamani lililoganda kama rangi. Maana yake shokamzoba hazijawahi kufika chini, hazikaribii hata kufika. Kila pigo lilikuwa linapita moja kwa moja kwenda kwenye fremu na keria. Tukashusha ugumu, na tukachagua zenye vidato, yaani ngazi za kikombe cha chini za kukazia na kulegezea springi, ili akirudi mitupu alegeze.

Basi unajuaje kiasi chako? Pima, ndugu yangu, usikisie. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, gurudumu la nyuma likae hewani. Pima kutoka nati ya ekseli hadi alama utakayoiweka kwenye keria, juu yake moja kwa moja. Sasa ishushe, weka mzigo wako wa kila siku, kaa mwenyewe, na mwenzako apime tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo habari yote. Pikipiki nyingi za bodaboda zina takriban milimita 100 za kupanda na kushuka kwa gurudumu la nyuma, na ukiwa umepakia unataka itumike robo hadi theluthi, yaani milimita 25 hadi 33. Ikibonyea 12 tu, springi ni ngumu mno kwako. Ikibonyea 50, ni laini mno, na hapo nitakubaliana nawe ununue ngumu zaidi. Ukinunua zenye nafasi kubwa au ndogo kuliko hiyo, hesabu robo na theluthi za nafasi yake. Tepu ya fundi seremala inatosha kwa kazi hii yote.

Wengine wanasema hawana haja ya kununua, "kaza tu kile kikombe cha chini iwe ngumu". Kukaza vidato hakuibadilishi springi. Springi inayodai kilo 15 kwa kila sentimita itaendelea kudai kilo 15 kwa kila sentimita hata ukiikaza hadi kidato cha mwisho. Unachofanya ni kuinua nyuma ya pikipiki, yaani kuchagua mahali pa kuanzia. Ukikaza sana bila mzigo, gurudumu linakosa nafasi ya kushuka kwenye shimo na unabaki unarushwa. Springi zilizobana mizunguko upande mmoja zina tabia tofauti kidogo, maana ukizikaza mno ile sehemu laini inafungana na inabaki ngumu peke yake. Nazo pia hazipendi kukazwa ovyo. Vidato ni vya kufuata mzigo: panda kimoja au viwili ukipakia, shuka ukipakua. Karibu hakuna anayefanya hivyo, na ndiyo marekebisho ya bure kuliko yote.

"Inavuja oili kidogo tu, lakini springi bado iko"

Springi inabeba uzito. Oili inayopita kwenye vitundu vya ndani ndiyo inayouzima mwendo, inaugeuza kuwa joto. Oili ikiisha umebaki na springi peke yake, na springi peke yake haijui kutulia. Bonyeza kiti cha nyuma kwa nguvu kisha uachie. Ikirudi juu na kutulia, uko salama. Ikicheza juu chini mara mbili tatu, shokamzoba imekufa, hata kama ni nzuri kwa macho. Wengi wanaosema "inagota, nitilie springi ngumu" wana ugonjwa huu wa oili, si wa springi laini. Ukiweka springi ngumu juu ya shokamzoba isiyo na oili, unaongeza nguvu ya kurusha bila kitu cha kuizuia, na pikipiki inakuwa ya hatari kuliko ilivyokuja.

"Fungua utie oili nzito"

Zipo zinazofunguka na zipo zisizofunguka, lakini wote wanaoziletea oili ya giaboksi wanapata matokeo mamoja. Oili nzito inachelewesha gurudumu kurudi chini. Tuta la kwanza limebonyeza, la pili linafika kabla halijarudi, la tatu hivyo hivyo, na baada ya mita chache pikipiki imekaa chini kabisa, haina nafasi iliyobaki. Dereva anasema ni ngumu kwa sababu inampiga. Ni kweli inampiga, lakini kwa kuwa imenyimwa muda wa kurudi.

"Hizi zina chupa ya gesi, ni za mashindano"

Chupa ya kweli ina kazi: gesi ya naitrojeni inaiweka oili chini ya shinikizo ili isitoe povu ikichemka kwa kupigwa mfululizo. Oili yenye povu haizuii kitu. Lakini nyingi za zile chupa nyekundu na za dhahabu zinazouzwa bei ya kutupa ni tupu, zimepigwa bolti tu pembeni, hazina tundu linalounganisha na mwili wa shokamzoba. Ukitaka kulipia chupa, angalia kama kuna vali ya kujazia gesi na njia ya kupitisha oili. Kama hakuna, unalipia pambo.

"Ndefu zaidi, isiguse chini"

Milimita 10 huenda ukavumilia. Zaidi ya hapo, nyuma ikipanda, foki ya mbele inasimama wima zaidi na usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi kwenye mchanga, na mchanga ndio tunaoendeshea huku. Stendi ya pembeni inakuwa fupi na pikipiki inalala. Cheni nayo inabadilika pembe. Daima pima ulegevu wake pale sproketi ya mbele, bolti ya swingamu (ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma) na ekseli zinapokaa mstari mmoja, maana hapo ndipo cheni inabana kuliko popote. Ukiipima stendi ikiwa imeinua nyuma, utaiacha ikiwa fupi, na siku utakapopakia magunia itakula sproketi na beringi za giaboksi.

Kukata springi, na kubadilisha upande mmoja

Ukikata mizunguko, springi inakuwa fupi na ngumu zaidi, si laini. Ukiichomelea, joto linaua ugumu wa chuma na itapasuka pale pale. Na shokamzoba za nyuma hubadilishwa zote mbili. Mpya upande mmoja na mzee upande mwingine zinapinda swingamu kila unapopita shimoni, bushi zinaisha, na gurudumu linaenda mshazari.

Hapo kwenye bushi niongeze. Kabla hujatoa hata shilingi, inua nyuma, shika gurudumu, lisukume kushoto na kulia. Likicheza, tatizo lako liko kwenye bushi za swingamu au beringi za gurudumu, na hakuna shokamzoba duniani itakayolitibu. Pima pia upepo. Kujaza tairi likawa jiwe "lisipate pancha" kunaondoa kinga ya kwanza uliyo nayo, kwa maana tairi ndilo linalopokea jiwe kabla ya springi. Fuata kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki, mara nyingi kiko kwenye kinga ya cheni au swingamu, ukiangalia cha mtu mmoja na cha watu wawili.

Mwisho, chumvi. Pikipiki zinazofanya kazi Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, na zile zinazopita ufukweni Mambrui, huwa naziona na ugonjwa mmoja: ufito wa shokamzoba umeingia vidonda vidogo vya kutu, navyo vinaikata sili kila unapobonyea. Ukinunua shokamzoba nzuri leo ukaiacha na chumvi, itavuja mapema kuliko ile ya bei rahisi ya mwenzako anayeosha. Osha kwa maji matamu jioni hiyo hiyo, kwa ndoo na kitambaa. Mashine ya kuoshea kwa nguvu usiielekeze kwenye sili, inasukuma mchanga ndani. Maji ya kisima chenye chumvi hayahesabiki kuwa kuosha. Ukishakauka, futa ufito kwa kitambaa chenye oili kidogo, na bolti za juu na chini zipake grisi kabla ya kuzirudisha. Zikaze kabisa pale pikipiki inapokuwa imesimama kwa uzito wake chini, si ikiwa imening'inia, ili zile raba za masikioni, kwenye matundu bolti zinamopita, zisikae zimejipinda muda wote.