Themostati si kifaa cha nchi za baridi

Jumamosi iliyopita mzee mmoja mstaafu aliniletea Corolla yake ya mwaka 2003, akilalamika kwamba siku hizi inakula mafuta kuliko zamani na kwamba gia ya mwisho inachelewa kuingia anapotoka nyumbani asubuhi. Nilimwamkia, nikafungua boneti, nikachomeka mashine ya kupimia, kisha tukatoka pamoja kwa Barabara ya Morogoro kuelekea Kibaha. Tulipofika Kibaha, baada ya zaidi ya nusu saa barabarani, maji ya injini yalikuwa na joto la nyuzi 61. Nikamuuliza ni nani aliyemtolea themostati, kile kifaa kinachodhibiti joto la maji ya injini. Akanijibu kwa upole: "Mwanangu, ile si ya nchi za baridi? Sisi huku na joto hili tunaihitaji ya nini?"

Jibu hilo nimelisikia kwa madereva wa daladala, kwa walimu, kwa wafanyabiashara na, kwa masikitiko zaidi, kwa mafundi wenzangu. Wiki hiyo pekee nilikuwa nimekwisha kulisikia mara mbili. Wanaolisema ni watu wenye akili timamu na wanaojali magari yao, na ndiyo maana naona wanastahili maelezo kamili badala ya kuambiwa tu kwamba wamekosea.

Tuanze na hesabu. Themostati za injini nyingi za petroli za Toyota huanza kufunguka maji yanapofika kati ya nyuzi 80 na 84, na hufunguka kabisa yanapokaribia nyuzi 95. Hewa ya Dar es Salaam mchana wa Februari ina nyuzi kama 32. Kutoka nyuzi 32 hadi 82 pana nyuzi 50 ambazo injini inapaswa kuzipanda kwa moto wake yenyewe, na ikishazipanda inapaswa kubaki hapo, iwe gari linashuka mlima, linakwenda kasi barabara kuu au linanyeshewa mvua ya masika. Joto letu linapunguza safari hiyo kwa dakika chache tu. Isitoshe, Tokyo yenyewe, yanakotoka magari yetu mengi, hupita nyuzi 35 katika majira ya joto, na hakuna Mjapani anayechomoa themostati mwezi wa Agosti ili airudishe Desemba. Ndugu zetu walioko Muscat na Dubai wanaendesha magari hayahaya katika joto linalopita nyuzi 45, themostati zikiwa mahali pake.

Kifaa chenyewe ni rahisi ajabu. Ndani yake kuna kidonge cha shaba kilichojazwa nta. Nta ikiyeyuka hutanuka, ikitanuka husukuma kijiti, na kijiti hushindana na springi hadi kisahani kinaachia njia ya maji kupita kwenye rejeta, yanakopozwa. Injini ikipoa kidogo, nta hunywea na springi hurudisha kisahani. Hakuna waya wala kompyuta ndani yake. Katika safari moja ya kutoka Ubungo hadi Chalinze kisahani hicho hufunguka na kujifunga kidogokidogo mara nyingi sana, kikipima maji kiasi gani yaende rejeta na kiasi gani yazunguke ndani ya injini bila kupozwa.

Kikiondolewa, maji yote huwa yanakimbilia rejeta tangu unapowasha gari. Kompyuta ya injini, ikisoma kwamba maji bado ni ya baridi, huendelea kumwaga petroli ya ziada kama inavyofanya alfajiri. Giaboksi ya otomatiki huinyima injini gia ya mwisho hadi joto lipande. Mvuke na petroli ambayo haikuungua hushuka kwenye oili, na kwa kuwa oili haipati joto la kutosha kuviondoa, huanza kuchafuka na kuganda. Ukifungua kifuniko cha oili cha gari la namna hiyo unaweza kukuta utando mweupe kama tui zito, na hapo fundi mwenye haraka atakuambia gasketi ya silinda hedi, yaani kiziba kilicho kati ya kichwa cha injini na mwili wake, imeungua, ufungue mfuko. Huenda tatizo lako lote ni kifaa kidogo kilichotupwa kwenye pipa miaka mitatu iliyopita. Taa ya injini nayo ikiwaka, mashine ya kupimia mara nyingi itaonyesha P0128, namba inayosema waziwazi kwamba maji hayafikii joto linalotakiwa. Nimekutana na watu waliobadilishiwa sensa ya joto, kisha sensa ya oksijeni, namba hiyo ikiwa imeandikwa mbele ya macho ya fundi.

Sasa nifike mahali panaponiudhi zaidi, na hapa nalazimika kuwakosoa hata wale walio upande wangu. Fundi anayetetea themostati akiulizwa sababu, aghalabu hujibu kwamba bila themostati maji hupita kwenye rejeta kwa kasi mno, hivyo hayapati muda wa kupoa, na ndiyo maana gari huchemka. Maelezo hayo yana sura ya ukweli, lakini si sahihi, na ubaya wake ni kwamba mtu akiyapima kwa gari lake na kuona halichemki, huacha kuamini na mengine yote tuliyomwambia. Maji ya injini yanazunguka. Yakipita haraka kwenye rejeta hupoteza joto kidogo kwa kila mzunguko, lakini hurudi mara nyingi zaidi. Mfikirie kijana anayejaza pipa kwa ndoo: akibeba nusu ndoo lakini akaenda safari mara tatu ya mwenzake anayebeba ndoo iliyojaa, yeye ndiye atakayelijaza kwanza. Maji yanayokwenda kasi, kwa jumla, hupeleka joto jingi zaidi kwenye rejeta. Ndiyo sababu gari lisilo na themostati kwa kawaida hupoa kupita kiasi, kama ile Corolla ilivyokuwa na nyuzi 61.

Hata hivyo zipo injini ambazo ukiondoa themostati zinachemka kweli, nazo ndizo zinazoupa nguvu uvumi huo. Baadhi ya injini, hasa za dizeli za magari ya kazi, zina themostati yenye kisahani cha pili upande wa chini. Kisahani cha juu kinapofungua njia ya rejeta, cha chini huziba njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini. Ukiitoa themostati hiyo, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu kubwa ya maji huifuata kwa sababu ndiyo nyepesi, yakazunguka yakiwa ya moto bila kuiona rejeta kabisa. Gari hilo litatembea vizuri mjini bila mzigo, kisha likipakiwa na kuelekezwa mlimani linachemka. Mwenyewe atasema rejeta imechoka, ataibadilisha, na litachemka tena.

Nakiri pia jambo ambalo vitabu havipendi kulisema: kuondoa themostati wakati mwingine husaidia kwa muda. Rejeta ikiwa imeziba nusu, au themostati ikiwa imekwama ikiwa imefunga, kuitoa hupunguza joto na mteja huondoka akishukuru. Mimi mwenyewe nimewahi kuitoa porini, karibu na Mikumi, usiku, kwa sababu ilikuwa imekwama na duka lenye nyingine lilikuwa mbali. Nilimwambia mwenye gari airudishe akifika mjini. Kosa langu ni kwamba sikumwandikia, na nina hakika hakuirudisha. Kuitoa kunaweza kumfikisha mtu nyumbani, lakini ugonjwa uliolichemsha gari unabaki palepale.

Ugonjwa wa yule mzee tuliupata. Miaka mitatu nyuma gari lake lilichemka likipanda mlima wa Kitonga, njia ya Iringa, fundi wa kando ya barabara akachomoa themostati, na tangu hapo halikuchemka tena. Nilipokishika kifuniko cha rejeta, mpira wake ulikuwa mgumu kama ganda la kifuu na springi imelegea. Kifuniko hicho kimeandikwa namba, kwa kawaida 0.9 au 1.1, na namba hiyo ni presha kinayopaswa kuishikilia. Kifuniko kizima cha 0.9, ukiwa pwani, hupandisha kiwango cha maji kuchemka kutoka nyuzi 100 hadi karibu 119. Kikiwa kibovu hakishikilii chochote, na ukiwa unapanda kuelekea Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi kama 95. Feni ya magari mengi haijaanza hata kuzunguka kabla ya nyuzi 90 na kitu. Kwa hiyo injini iliyokuwa na joto lake la kawaida kabisa ilichemsha maji, na aliyehukumiwa akawa themostati.

Kwa anayetaka kuhakikisha mwenyewe, sufuria na jiko vinatosha. Ifunge themostati kwa uzi mwembamba, uzi wenyewe ukiubana kati ya kisahani na kiti chake, kisha uining'inize ndani ya maji bila kugusa chini ya sufuria, na weka kipimajoto pembeni. Pasha moto polepole. Iliyo nzima utaiona imetulia kabisa, maji yakianza kutoa vipovu vidogo pembeni, na karibu na nyuzi 82 kisahani kinanyanyuka taratibu, uzi unaachia, na themostati inatumbukia. Ikidondoka kwenye nyuzi 60, au maji yakichemka na bado inaning'inia, haifai. Fanya hivyo hata kwa mpya. Nimewahi kununua tatu kwa mpigo zenye maboksi yaliyofanana na ya kampuni yenyewe, na mbili zikafunguka mapema mno. Ile ya zamani niliyokuwa nimeitoa ilikuwa bora kuliko zote. Siku hizi, mteja akiniuliza kama ni lazima kununua mpya, namjibu kwamba sina jibu mpaka nizichemshe zote mbili.

Kuna kipimo kingine kinachorudiwa sana, cha kugusa bomba la mpira la juu la rejeta ili kujua kama themostati imefunguka. Katika injini nyingi ndogo za Toyota themostati iko upande ambao maji yanaingia injini kutoka chini ya rejeta, kwa hiyo mpira wa juu hupata moto mapema, iwe imefunguka au haijafunguka. Gusa wa chini: unapaswa kubaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha kupata moto. Na usiutegemee mno mshale wa dashibodi, kwa kuwa katika magari mengi umetengenezwa ukae katikati kwa joto la aina nyingi na kunyanyuka pale tu hatari inapokaribia. Kwa magari madogo kama Vitz na Passo yasiyo na mshale, angalia taa ya bluu. Ikiendelea kuwaka kilomita baada ya kilomita, maji hayajapata joto, na kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu amekwisha kuchomoa kitu.

Kuhusu gasketi sitasema mengi. Zipo silinda hedi nilizofungua ambazo mpaka leo siwezi kuapa kama gasketi ilivuja kwanza ikalichemsha gari, au gari lilichemka kwanza likaiunguza gasketi. Ninachoweza kuapa ni kwamba hedi ya aluminiamu haivumilii kuchemshwa mara ya pili, kwa hiyo ukiona mvuke simama, zima injini, na usiguse kifuniko mpaka kipoe kabisa.

Ukiamua kuirudisha mwenyewe, kwenye injini nyingi hizi ni nati mbili za spana namba 10 na mpira mmoja wa duara ambao lazima uwe mpya. Kile kijipini kidogo kinachocheza kwenye ukingo wa themostati kielekee juu, kwa sababu ndicho kinachopitisha hewa. Jaza kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, si maji ya kisima chenye chumvi, na usidanganywe na rangi, maana ni rangi tu iliyotiwa na kila kampuni inatia yake. Washa gari kifuniko kikiwa wazi, hita ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho, na uongeze kidogo kidogo kadiri vipovu vinavyotoka. Hewa iliyobaki ndani humfanya hata fundi mzuri aonekane mwongo. Ujazo ukitulia, funga kifuniko, kisha iache injini ikiunguruma mpaka feni iwake na kuzimika mara mbili. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua tena kifuniko utazame. Kwa yule mzee ujazo ulikuwa umeshuka kiasi cha kikombe cha kahawa. Tukaongeza, tukafunga, na tulipofika Kibaha mara ya pili mashine ilisoma nyuzi 86.